Muulize Fundi wa Anga: Leo ni droni za kupima na kuchora ramani

Toleo lililopita nilidokeza mstari mmoja tu kuhusu ndege zisizo na rubani zinazopima ardhi na kuchora ramani, nikaendelea na mambo mengine, kumbe nimechokoza mzinga wa nyuki. Barua zimekuja hadi nikawa nazisoma usiku. Basi leo ukurasa wote ni droni za ramani, wenye maswali ya redio na antena mnivumilie kidogo. Baadhi ya barua nimezipunguza, kuna mmoja kaandika kurasa nne afu swali lenyewe liko mstari wa mwisho kabisa.

Shikamoo Fundi. Nina droni ndogo napigia video za harusi. Jamaa yangu kaniambia naweza kuitumia kuchora ramani ya shamba la mjomba. Ni kweli au ananipanga?
*Kijana wa video*

Marahaba kijana. Hajakupanga ila kakuambia nusu. Ramani ya droni haitoki kwenye video wala kwenye picha moja kubwa iliyopigwa toka juu, inatoka kwenye mamia ya picha zilizopigwa kamera ikitazama chini wima, kila picha ikiilalia mwenzake kwa sehemu kubwa, afu programu ya kompyuta inatafuta vitu vilevile kwenye picha tofauti, tuseme jiwe, kona ya bati, kichuguu, na kwa kuwa hilo jiwe limeonekana toka sehemu tano sita angani, programu inapiga hesabu lipo wapi na liko juu kiasi gani. Ndo kazi hiyohiyo macho yako mawili yanafanya muda wote, ziba jicho moja ujaribu kuingiza uzi kwenye sindano utanielewa. Fani yenyewe inaitwa fotogrametria. Kwa hiyo droni yoyote inayoweza kuangalia chini na kufuata mistari iliyonyooka inaweza kukupa ramani ya aina fulani.

Sasa nusu ya pili ambayo jamaa hakukuambia. Droni nyingi za video zina shata ya elektroniki inayosoma picha mstari kwa mstari, haichukui picha yote kwa mpigo. Tuseme inachukua milisekunde 30 kumaliza picha moja na droni inaenda mita 10 kwa sekunde, basi kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho wa picha ileile droni imeshasogea sentimita 30. Kwa macho huoni kitu, picha inapendeza tu, ila programu ya ramani inaona ardhi imevutwa kama mpira. Ndo maana droni zinazotengenezwa kwa ajili ya upimaji zinawekewa shata ya kimakanika inayofunga picha nzima mara moja, na Phantom 4 RTK ya DJI iliyotoka 2018 ilipendwa na wapimaji sana kwa hilo pamoja na mambo yake mengine. We na yako punguza mwendo, nenda mita 3 au 4 kwa sekunde, weka fokasi mbali afu izime isijirekebishe yenyewe, na zumu usiiguse. Kujua shamba la mjomba lina miti mingapi na maji yanasimama wapi, inatosha kabisa. Kugawana shamba na binamu zako, hapana, na hilo nalirudia huko chini kuna mzee kanikalia kooni.

Kaka Fundi, ofisini tunanunua ndege ya upimaji. Bosi anataka yenye mabawa kwa sababu inakaa hewani muda mrefu, mi nataka ya propela nne. Tuamue.
*Tumegawanyika*

Sitaki ukosane na bosi kwa sababu yangu, ila tuongee. Ya mabawa inabebwa na hewa yenyewe, mota kazi yake ni kusukuma mbele tu. Ya propela nne kila gramu inabebwa na mota toka inapopaa mpaka inapotua, hata ikiwa imesimama hewani haifanyi kitu inakula betri. Matokeo yake ni haya: eBee X iliyobuniwa na kampuni ya Uswisi ya senseFly, kidude cha povu kisichofika kilo 2, watengenezaji wanasema inakaa hewani hadi dakika 90 ukiipa betri kubwa, wakati Phantom niliyoitaja hapo juu ni kama dakika 30. Kwa eneo la kilometa za mraba kadhaa hapo hakuna ubishi, bosi kashinda.

Ila muulize bosi hivi, itatua wapi? eBee unairusha kwa mkono na inatua kwa tumbo, inataka sehemu ndefu iliyo wazi isiyo na mawe wala nyaya, na huko site zetu ndo kwanza unakuta nyaya na mawe. Zipo za kati, kama WingtraOne ambayo nayo ni ya Uswisi, inasimama kwa mkia, inapaa wima kama roketi afu inalala na kuruka kwa bawa, ikirudi inasimama tena na kutua palepale. Nzuri kweli, ila ikisimama wima upepo ukaja kwa pembeni utashika kichwa.

Ushauri wangu, fungueni mafaili ya kazi zenu za mwaka mzima muone ukubwa wa maeneo mliyopima. Kama kazi nyingi ni machimbo, majengo, viwanja, vipande vya barabara, hekta 20 hekta 40, propela nne itawatosha na hela ya kuongeza betri itabaki. Watu wengi mi nawaona wananunua bawa kwa sababu ya ile namba ya dakika kwenye karatasi ya muuzaji, afu ndege inakaa kabatini kwa kukosa pa kutua.

Fundi habari za kazi. Niruke mita ngapi juu? Kila ninayemuuliza ana namba yake.
*Nimechanganyikiwa*

Njema ndugu. Kila mtu ana namba yake kwa sababu kila mtu ana kamera yake. Usianze na urefu, anza na swali hili: kitu kidogo kabisa ninachotaka kukiona ardhini kina ukubwa gani? Pikseli moja, yaani nukta moja ya picha yako, inafunika kipande fulani cha ardhi, na hicho kipande ndo kila kitu kwenye hii kazi. Hesabu yake: chukua upana wa sensa ya kamera (kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga) zidisha kwa urefu unaoruka, jibu ligawe kwa urefu wa fokasi ya lenzi uliozidishwa na idadi ya pikseli za upana wa picha. Tuchukue kamera yenye sensa ya milimita 13.2, lenzi ya milimita 8.8, na picha ya pikseli 5472 kwa 3648, ni kamera ya kawaida sana kwenye hizi droni. Ukiruka mita 100, pikseli moja inafunika sentimita 2.74 na picha nzima inafunika mita 150 kwa 100. Kwenye ramani hiyo utaona mfuniko wa chemba, utaona alama za rangi barabarani, msumari hutauona hata ulie. Ukishuka mita 50 pikseli inakuwa sentimita 1.37, ila idadi ya picha inakuwa mara nne kwa eneo lilelile, na hapo ndo betri na kompyuta vinaanza kulalamika.

Ngoja nikupe hesabu nzima maana hii ndo watu wanaikwepa. Eneo ni kilometa 1 kwa kilometa 1, yaani hekta 100, unaruka mita 100 na unataka picha zilaliane asilimia 80 mbele na asilimia 70 pembeni (mi siendi chini ya hapo). Asilimia 20 ya mita 100 ni 20, kwa hiyo kila mita 20 inapigwa picha, na asilimia 30 ya mita 150 ni 45, kwa hiyo kila mstari wa kuruka uko mita 45 toka mwenzake. Inakuja kama mistari 23, kila mstari picha 50 na kidogo, jumla picha kama 1,170 hivi. Kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde hiyo ni dakika 38 za kwenda mbele tu, bado kona, bado kupaa, bado kurudi. Betri iliyoandikwa dakika 30 we ihesabu dakika 20 za kazi. Beba tatu. Ukibeba mbili utarudi siku ya pili, na jua la siku ya pili litakuwa kwingine, vivuli vimegeuka, ramani inakuwa na viraka.

Na usipande tu unavyotaka. Ulaya, Uingereza na Marekani droni ndogo mwisho wake ni mita 120 hivi kutoka ardhini bila kibali maalum, na nchi nyingi zina namba hiyohiyo au iliyo karibu, ila usinisikilize mimi kwenye hilo, soma kanuni za mamlaka ya anga ya nchi uliyopo kabla hujawasha mota.

Ramani yangu ina matobo sehemu mbili, kwenye bwawa na juu ya kilima. Droni ilipita kote huko, nina ushahidi. Shida nini?
*Mwenye matobo*

Bwawa achana nalo. Maji yanatembea na yanang'aa, picha ya kwanza ina mawimbi haya na ya pili ina mengine, programu haina cha kufananisha. Ukitaka pakae vizuri hakikisha kila picha inashika na ukingo wa nchi kavu, katikati ya ziwa kubwa hutapata kitu.

Kilima ndo kosa lako. Uliambia droni iruke mita 100, ikahesabu mita 100 toka pale ulipoirushia chini, haikujua kama mbele kuna kilima. Kama kilima kimepanda mita 50, juu pale ulibakiza mita 50 tu, picha iliyokuwa inafunika mita 150 kwa 100 sasa inafunika 75 kwa 50, lakini mistari yako bado iko mita 45 mbali na picha bado zinapigwa kila mita 20. Piga hesabu, ule ulaliano wa pembeni wa asilimia 70 umeshuka hadi 40, na wa mbele toka 80 hadi 60. Lazima pachanike. Programu nyingi za kupanga safari zina sehemu ya kufuata mwinuko wa ardhi, unaipa data ya miinuko na droni inapanda na kushuka na kilima. Kama yako haina, rushia juu ya kilima badala ya chini, au gawa kazi vipande viwili. Na kama kilima kingekuwa mita 100 barua yako ingekuwa inahusu mambo mengine kabisa.

Shikamoo Fundi. Mimi ni injinia wa maji. Nimepima njia ya mfereji kwa droni yenye RTK (ile GPS inayosahihishwa hadi sentimita), urefu wote umepishana na ramani ya zamani kwa mita 27 na kitu, na ni ileile 27 kila mahali. Nirudishe droni dukani?
*Injinia*

Marahaba dada. Usirudishe kitu, droni yako ina akili kuliko tunavyoipa sifa. Setilaiti hazijui usawa wa bahari. Zinapima urefu wako juu ya umbo la hesabu, yai lililobanwa kidogo juu na chini, na hilo yai ni laini halina mabonde. Dunia ya kweli uzito wake haujakaa sawa, kuna sehemu mvuto una nguvu zaidi na sehemu ni mdogo, kwa hiyo bahari ikitulia kabisa bila upepo wala mawimbi haifuati lile yai, inavimba huku na kubonyea kule. Huo uso uliobonyeabonyea ndo unaitwa jioidi na ndo ramani zetu za zamani zinauita usawa wa bahari. Kusini mwa India bahari iko kama mita 106 chini ya lile yai, na upande wa Papua New Guinea iko kama mita 85 juu yake. Wewe hapo ulipo tofauti imeangukia 27, na kwa kuwa inabadilika polepole sana, kwenye eneo dogo utaiona ni namba ileile tu.

Dawa ni kuiambia programu itumie modeli ya jioidi, EGM2008 inatumika sana, na kama nchi yako ina modeli yake ya taifa tumia hiyo maana ndo itaoana na bikoni za serikali. Nakusihi dada usichukue njia ya mkato ya kutoa 27 kwenye kila namba. Mfereji mrefu wa kilometa nyingi hiyo 27 itaanza kuwa 27.1, mbele 27.3, na maji hayasomi makaratasi, yanafuata mvuto, utashangaa yamesimama katikati.

Fundi, nimenunua droni ya RTK na muuzaji kasema sasa sihitaji kuweka alama chini. Kweli?
*Mvivu wa kutembea*

Muuzaji huyo namfahamu, yuko kila nchi. RTK inafanya hivi: GPS ya kawaida ya droni inajua ilipo kwa kukosea mita kadhaa, ila ukiweka besi, yaani kipokezi kingine cha setilaiti, chini mahali panapojulikana, besi inaona makosa ya setilaiti muda huohuo na kuitumia droni masahihisho, hapo kosa linashuka hadi sentimita 1 au 2 hivi. Kuna na PPK, ambayo ni kitu kilekile ila masahihisho yanafanyika baadaye mezani, hivyo hata mawasiliano yakikatika hewani hupotezi kitu, na mi binafsi PPK ndo naiamini zaidi kwenye mabonde. Kwa hiyo ni kweli zile alama za kupimwa chini ili ramani ikae mahali pake, 10, 15, 20 tulizokuwa tunatembea kuzimwaga juani, zimepungua sana.

Lakini zimepungua, hazijaisha. Sikiliza, besi yako ukiiambia iko mahali ambapo haipo, tuseme umeandika tarakimu moja vibaya, droni itaruka vizuri, picha zitaungana vizuri, ripoti itaandika makosa sentimita 1, na ramani yote itakuwa imesogea mita 10 pembeni ikiwa imetulia kabisa. Ndani iko sahihi, ila imekaa kwa jirani. Hakuna programu itakayokuambia hilo, utaambiwa na alama ya chini tu. Jambo lingine ni urefu: programu inatafuta fokasi halisi ya lenzi kwa kukisia, na ikikosea kidogo inasukuma ardhi yote juu au chini.

Mi nafanya hivi. Hata nikiwa na RTK naweka alama tano, nne kwenye kona na moja katikati, afu naongeza nyingine mbili tatu ambazo programu siionyeshi kabisa, nazificha kama mwalimu anavyoficha majibu. Ramani ikiisha naziangalia, zilivyopimwa chini na zinavyosomeka kwenye ramani. Tofauti ya hizo ndo usahihi wako, hiyo nyingine ya kwenye ripoti ni programu inajisifu yenyewe. Alama ziwe na rangi mbili zinazokatana, nyeusi na nyeupe, upana wa pikseli 10 kwenda juu, na uzigongelee misumari. Hapa naongea na uchungu maana kuna siku nilitandika vitambaa vyeupe vizuri nikapima vyote, nikaenda kurusha, kwenye picha vitambaa viwili havipo, kuangalia vizuri picha za nyuma kidogo nikaona kimoja kinakimbia kimebebwa na mtoto wa miaka kama saba. Cha pili mpaka leo sijui.

Ramani yangu ya uwanja ulionyooka kabisa imetoka imebonyea katikati kama bakuli. Uwanja ni tambarare nimekanyaga mwenyewe.
*Bakuli*

Umeruka mistari sambamba tupu, kamera chini muda wote, na alama umeweka pembeni tu katikati hakuna, au sio? Programu imekosea kidogo upindaji wa lenzi na hakukuwa na kitu cha kuibishia. Safari ijayo ongeza safari moja fupi kamera ikiwa imeinama nyuzi 20 hadi 30 badala ya kutazama chini wima, na weka alama katikati. Bakuli litanyooka.

Kwenye msitu mnatumia nini? Nimeambiwa lida inaona kupitia majani.
*Mtu wa misitu*

Haioni kupitia jani, hakuna kinachopita jani hapo. Lida inatupa miale ya leza maelfu kwa maelfu kila sekunde, mingi inagonga majani inarudi, michache inapita kwenye vinafasi kati ya majani inagonga udongo inarudi, na hiyo michache ukiichuja unapata sura ya ardhi chini ya miti. Kamera haiwezi hilo kwa sababu ile inahitaji kuona udongo uleule toka picha kadhaa, na kwenye msitu kila picha inaona kidirisha tofauti. Miti ikifunga kabisa hata mwanga wa jua haugusi chini, basi na lida nayo itakupa nukta chache za kubahatisha. Kwa eneo la wazi usijitese, kamera inatosha na rangi zake utazipata.

Mhariri, nimepima ardhi miaka 31. Siku hizi vijana wananunua kidude wanapaa dakika 20 wanampa mtu ramani na kumwambia huu ndo mpaka wako. Mnatuharibia fani na mnagombanisha watu. Gazeti lenu linawashangilia.
*Mpimaji wa zamani*

Shikamoo mzee wangu. Sehemu kubwa uko sahihi na naandika hapa vijana wasome. Droni inaona uzio, inaona mti, inaona njia iliyokanyagwa. Mpaka haionekani toka juu. Mpaka uko kwenye hati, kwenye bikoni iliyofukiwa, kwenye vipimo vya mpima mwenye leseni na wakati mwingine kwenye kumbukumbu ya majirani wawili wazee. Uzio ukisogezwa usiku, kesho droni itauchora pale uliposogezwa, kwa usahihi wa sentimita 2, na mwizi atakuwa na ramani nzuri kuliko mwenye haki. Kijana anayemwambia mtu "huu ndo mpaka wako" kwa picha ya droni anatafuta kesi.

Ila mzee na mimi nikutanie kidogo. Kile kilima cha machimbo ulichokuwa unakipanda na fimbo ya kupimia siku mbili, mawe yakiporomoka chini ya buti, leo kinapimwa bila mtu kukanyaga ukingo. Kuna Mjerumani, Albrecht Meydenbauer, msanifu majengo, mwaka 1858 alikuwa anapima kanisa kuu la Wetzlar kwa mkono akanusurika kuanguka toka juu, ndo akaja na wazo kwamba jengo lipimwe kwa picha. Jina lenyewe la fotogrametria linatoka kwenye maandishi yake ya 1867. Fani hii ilizaliwa kwa sababu mpimaji aliogopa kufa, na mi simlaumu.

Mwalimu alituambia ramani za picha za angani zilianza na ndege za vita. Ni kweli Fundi?
*Mwanafunzi*

Vita vilizikuza, havikuzizaa. Mfaransa Nadar alipanda puto mwaka 1858 akapiga picha karibu na Paris, bahati mbaya hazipo tena, za puto zilizobaki kongwe ni za Boston 1860 za James Wallace Black. Mwaka 1906 tetemeko na moto vilipoiangamiza San Francisco, George Lawrence alinyanyua kamera ya zaidi ya kilo 20 kwa tiara nyingi zilizofungwa pamoja, kama mita 600 juu, akapiga picha ya jiji lote lililobomoka. Hakukuwa na mtu kule juu, kwa hiyo ukinibana nitakuambia ile ilikuwa droni. Na Mjerumani mmoja muuza dawa, Julius Neubronner, aliwafunga njiwa vikamera vidogo vifuani na kupata hataza mwaka 1908. Njiwa walipiga picha vizuri tu, tatizo hawafuati mistari sambamba.

Nataka kupima ujazo wa rundo la kokoto kwa droni. Usahihi ukoje?
*Wa machimbo*

Mzuri kuliko kukadiria kwa macho, ila angalia: rundo lililokalia mita za mraba 2,000, ukikosea urefu sentimita 5 tu umekosea mita za ujazo 100, hayo ni malori kadhaa. Na wanaokosea wengi hawakosei juu ya rundo, wanakosea chini, hawajui ardhi ilikuwaje kabla kokoto hazijamwagwa. Pima uwanja ukiwa mtupu. Kama umechelewa, chora ukingo wa rundo kwa mkono pointi kwa pointi, programu usiiachie yenyewe.

Nimeweka picha 1,400 kwenye laptopu ya RAM 8 natumia WebODM, programu ya kuunganisha picha ziwe ramani, leo siku ya tatu, feni inalia kama trekta na imesimama asilimia 63. Nizime?
*Nimechoka*

Pole. WebODM ni ya bure na ni nzuri, naitumia na mimi, ila picha 1,400 kwa RAM 8 hiyo ni kumtwika punda meli. RAM 32 ungepumua, 64 ungelala usingizi. Zima, gawa picha mafungu madogomadogo au tumia ile sehemu ya kugawa kazi iliyomo humohumo, punguza ubora wa wingu la nukta (zile nukta zote za ardhi ambazo programu inazipigia hesabu) kwa jaribio la kwanza, na kabla hujaanza tena futa picha za wakati droni inapaa na inapotua, zinapoteza muda bure. Ila kama wakati unasoma hili imeshafika 64, iache bwana, ulishafika mbali.